Drew Point inaliwa mita 17 kwa mwaka na bamvua lao halifiki futi moja: sisi Bagamoyo tupime nini?

Mwambao_Kaole

Wakuu salaam. Swali lina vipande vitatu, naomba wanaojua mashapo (mchanga na tope vinavyobebwa na maji) waanze.

BMU yetu (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi na pwani) huku Bagamoyo inataka kuanza kupima mmomonyoko, kuanzia Forodhani kushuka kusini hadi kwenye mikoko ya Kaole. Ukitafuta mfano wa kuiga, unaangukia Aktiki, maana huko ndiko kuna tarakimu za kutisha. Drew Point, kaskazini mwa Alaska kwenye Bahari ya Beaufort, ilikuwa inarudi nyuma kama mita 7 kwa mwaka kati ya 1955 na 1979. Kati ya 2002 na 2007 zikafika 13 na ushei. Kati ya 2007 na 2016 wastani ni mita 17.

Sasa ninapokwama ni hapa. Kwanza, bahari ile imeganda miezi minane au tisa, na maji yao kujaa na kupwa ni sentimita 15 hadi 20 tu. Bamvua letu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, linapita mita 3. Kama maji yenyewe hayapandi, kinachokula pwani ni nini?

Pili, udongo wote ule unakwenda wapi? Kwa mita 17 kila mwaka ningetegemea mafungu ya mchanga marefu ajabu, lakini kwenye picha ufukwe wao ni mwembamba kama utepe.

Tatu, katika njia zao za kupima, ipi inafaa huku kwa mfuko wa BMU? Kuna ushauri mezani kwamba tuchukue picha za setilaiti, tulinganishe mstari wa maji wa mwaka hadi mwaka, kazi iishie kwenye kompyuta.

Chumvi_na_Barafu

Mkuu, nianze na la kwanza, ndilo linalobeba mengine.

Ukingo wa Drew Point si mchanga, wala si jiwe la matumbawe kama sehemu nyingi za mwambao wetu. Ni tope laini lililoganda, kimo chake mita chache tu, na sehemu kubwa ya ujazo wake ni barafu. Barafu ndiyo saruji ya ukuta ule. Ikiyeyuka unabaki na uji.

Namna unavyobomoka: kiangazi maji ya bahari yanapata joto kidogo na kufika kwenye mguu wa ukingo. Yanachimba pango la mlalo, jembamba kwa kimo lakini linaloingia ndani mita kadhaa. Huku juu ardhi imeshakatwakatwa na kabari za barafu zinazoshuka wima, zikaigawa katika vipande kama vigae vikubwa vya sakafu, kila kimoja mita kumi, ishirini au zaidi. Pango likikaribia kabari, kipande kizima kinakatika pale pale kwenye kabari na kuangukia baharini kifudifudi, majani ya juu yakiwa bado yameshikamana. Unaangukiwa na bonge la ukubwa wa nyumba. Bonge hilo linalinda mguu wa ukingo kwa siku kadhaa au wiki chache, kisha linayeyuka, mawimbi yanabeba tope, mguu uko wazi tena.

Chumvi nayo ina kazi yake. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo yanaweza kula barafu ya ardhini hata kabla ya kufika sifuri. Maji baridi ya kunywa hayawezi hilo.

Sasa hiyo futi moja inayokushangaza. Wewe unaichukulia kama nafuu, kumbe ndiyo hasara. Maji yakiwa hayapandi wala kushuka, mawimbi yanapiga kimo kilekile usiku na mchana, kama msumeno unaokwenda kwenye alama moja. Bagamoyo maji yakipwa yanakimbia mamia ya mita, mawimbi yanamaliza nguvu kwenye ufukwe bapa, na mguu wa kingo unaguswa saa chache tu za bamvua. Ndiyo maana huku hasara kubwa hutokea pale bamvua na upepo mkali wa kusi vinapokutana siku moja. Katikati ya maji mafu (siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo) upepo uleule hauharibu hivyo.

Kinachopandisha maji ya Beaufort ni upepo, mwezi hauna nguvu kule. Pwani ile inatazama kaskazini. Upepo wa magharibi ukivuma muda mrefu, mzunguko wa dunia unayapeleka maji upande wa kulia wa upepo, yaani kusini, na kusini ndiko pwani iliko. Maji yanajazana. Upepo wa mashariki unayavuta kwenda nje. Dhoruba ya Septemba 1970 iliyapandisha hadi mita 3 hivi sehemu fulani za pwani hiyo. Sasa pima mwenyewe: mita 3 juu ya bahari ambayo kwa kawaida inacheza sentimita 20.

Barafu ya baharini ni ngao. Mita zote 17 zinaliwa kati ya Julai na Oktoba tu. Barafu ikiondoka mapema na kurudi kwa kuchelewa, msimu wa mawimbi unarefuka, tena ukingo wa barafu ukisogea mbali zaidi, upepo unapata uwanja mrefu wa maji wa kukuzia mawimbi. Hayo mawili yamechangia sana kuzitoa 7 hadi 17.

Tahadhari moja: usizichukue 17 kama ndiyo Aktiki nzima. Wastani wa pwani za Aktiki zilizopimwa ni kama nusu mita kwa mwaka, na zipo sehemu zinazojenga. Drew Point ni mfano wa mwisho wa mizani.

Bi_Mashapo

Naongeza la pili, na naomba BMU isome hapa polepole, kwa sababu kosa la wengi ni kuhesabu mita badala ya kuhesabu mchanga.

Tufanye hesabu ya mfano. Ukingo wa kimo cha mita 5 umerudi mita 17. Kwa kila mita moja ya urefu wa pwani, ujazo uliopotea ni mita za ujazo 85. Tuseme asilimia 70 ni barafu: 59.5 zimegeuka maji. Imebaki 25.5 ya udongo. Udongo huo mwingi ni tope laini. Tuseme sehemu moja ya kumi ndiyo mchanga. Umebaki na mita za ujazo 2.5 za mchanga kwa mwaka mzima wa maafa.

Sasa njoo Bagamoyo. Kingo ya mchanga mtupu ya mita 2 ikirudi mita moja, umepoteza mita za ujazo 2 za mchanga. Kwa hesabu hii (ya sehemu iliyo juu ya maji tu, pande zote mbili) mita 17 za kule ni sawa na mita moja na robo ya huku. Ndiyo maana ufukwe wao ni utepe. Ukuta unaanguka lakini hauachi kitu cha kujengea ufukwe.

Hilo tope linakwenda wapi? Nje, na linakwenda mbali. Chembe ya milimita 0.02 kwenye maji yetu ya nyuzi 28 inazama kama milimita 0.4 kwa sekunde. Kina cha mita 10 inakimaliza kwa saa 7. Maji ya karibu na sifuri yana mnato kama mara mbili ya hayo, kwa hiyo chembe ileile inahitaji saa 14 na zaidi, na muda wote huo mkondo unaivuta. Chembe ya mchanga ya milimita 0.2 inazama kama sentimita 2 kwa sekunde. Dakika nane imeshatua.

Kuna na usafiri ambao sisi hatuna kabisa, wa barafu yenyewe. Vuli, bahari ya kina kifupi ikichafuka wakati wa baridi kali, vipande vidogo sana vya barafu vinazagaa ndani ya maji, vinashika tope lililotimka, vinapanda nalo juu na kuganda. Inatoka barafu chafu ya rangi ya kahawia. Ile inayoundwa kwenye bahari za Siberia inaweza kuvuka Aktiki hadi mlango wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard, ndipo iyeyuke na kumwaga mzigo. Huko nako mabonge ya barafu yanayoelea yanalima sakafu ya bahari kama plau, hadi kina cha mita 50 hivi. Na masika yao mito inafurika kabla bahari haijayeyuka: maji ya mto yanatambaa juu ya barafu, yanapata ufa, yanatumbukia kwa kasi na kuchimba shimo la mita kadhaa kwenye sakafu. Shimo hilo linajazwa tena na mashapo baada ya muda, kwa hiyo ukipima mwaka usiofaa hulioni. Mabomba ya mafuta ya chini ya bahari kule hufukiwa kwa kuzingatia mambo haya mawili.

Kwa Bagamoyo, funzo moja linavuka moja kwa moja: maji machafu si ushahidi wa mmomonyoko. Masika maji yanakuwa ya kahawia, watu wanasema ufukwe unaliwa. Kahawia ile ni tope la Ruvu. Mchanga wa ufukwe unasafiri chini, karibu na sakafu, na unaweza kuondoka mwingi maji yakiwa yanang'aa.

Mkitaka kujua mnachokiona, chukueni chupa ya lita moja inayoonyesha ndani. Weka udongo au mashapo theluthi, jaza maji ya bomba, tone la sabuni ya maji, tikisa dakika mbili, weka mezani. Kilichotua ndani ya dakika moja ni mchanga. Piga alama kwa kalamu. Kinachotua hadi saa chache ni tope laini. Kinachobaki kimetanda hadi kesho yake ni mfinyanzi. Haitoi tarakimu za maabara, ila inatenganisha tope la mto na mchanga wa ufukwe bila ubishi.

Mkienda maabara kupima mashapo yanayoelea, kuna kosa moja linaloharibu kila kitu: kutosuuza karatasi ya chujio. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita. Mililita 2 tu zikibaki kwenye karatasi, zikikauka kwenye oveni ya nyuzi 105 zinaacha miligramu 70 za chumvi. Mashapo yenyewe kwenye lita moja ya maji mara nyingi hayafiki hapo. Suuzeni mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa, pamoja na ile pembe ya karatasi inayokaa chini ya kikombe cha chujio, maana huko ndiko chumvi inajificha.

Mwambao_Kaole

Bi Mashapo, Chumvi, asanteni sana. Kwa hiyo kipimo chetu kiwe mita za ujazo kwa kila mita ya pwani. Sasa vipi hilo la setilaiti? Na kama ni kupima kwa mkono, kwa vifaa gani? Mashine ya mpima ardhi hatuna.

Fundi_Leveli

Setilaiti kwa mstari wa maji, achaneni nayo. Sababu ni ya hesabu tu. Ufukwe wenu una mteremko mdogo. Tuseme kila mita 40 za kwenda mbele unashuka mita 1. Picha mbili zikipigwa maji yakiwa yametofautiana kimo kwa mita 1, mstari wa maji umehama mita 40 bila chembe hata moja ya mchanga kusogea. Na bamvua lenu ni zaidi ya mita 3! Ongeza kwamba setilaiti ya Sentinel-2 inaona vipande vya mita 10, ya Landsat vya mita 30. Kule Alaska inawezekana kwa sababu maji hayachezi, na wanachofuata ni mdomo wa juu wa ukingo, mstari mkali kama umekatwa kwa kisu, na wanao kwenye picha za ndege tangu miaka ya 1940 na 1950. Mkitumia picha, fuateni mstari wa mimea ya kudumu, na iwe ni kwa kulinganisha miaka kumi au ishirini.

Kwa mkono vifaa ni rahisi: mpira wa leveli wa mita 15, ule mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi ujenzi hujazia maji, mirunda miwili iliyonyooka ya mita 2, iliyobandikwa futi kamba kuanzia chini, tepu ya mita 30, daftari. Basi.

Kituo cha rejea, yaani alama isiyohama ambayo kila kipimo kinaanzia, ndicho watu hufanya kwa haraka na kujuta. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 60. Simamisha nondo ya milimita 16, jaza zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa vituo vitatu hivi. Mchanga wa zege utoke mtoni au uoshwe. Ukichota pale ufukweni chumvi itakula nondo, zege litapasuka. Kila mstari wa kupimia, unaotoka nchi kavu kushuka majini, uwe na vituo viwili, vyote nyuma ya mimea, vikiachana mita 10 au zaidi. Viwili vinafanya kazi mbili: kimoja kikipotea kuna kingine, na ukivitazama kimoja nyuma ya kingine unapata mwelekeo wa mstari bila dira. Usiweke kituo juu ya tuta la mchanga lenyewe. Tuta likiondoka linaondoka na rejea yako, na miezi kumi na miwili ya kupima inakuwa karatasi za kufungia karanga.

Siku ya kupima ni siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, ndipo bamvua linapofika kilele. Kwenu maji ya bamvua hupwa karibu na saa nne asubuhi, basi saa tatu muwe mmeshaanza kutoka juu, mkiyafuata maji yanavyoshuka.

Mmoja anashika mrunda kwenye kituo, mwingine anasonga mbele. Sehemu ya juu yenye mteremko mkali pima kila mita 2. Kwenye bapa kila mita 5 inatosha. Popote mteremko unapobadilika ghafla weka kipimo cha ziada hata kama ni nusu mita. Maji ndani ya mpira yakitulia, kila mmoja anasoma chini ya mbonyeo wa maji, si juu ya ule ukingo uliopanda kwenye kuta za mpira. Tofauti ya namba mbili ndiyo kushuka kwa ufukwe.

Yanayoharibika: kiputo. Kimoja tu kilichojificha katikati ya mpira kinakudanganya sentimita kadhaa, na kwenye kila hatua. Jazeni kwa kunyonya kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa, msimimine kwa kikombe. Kabla ya kuanza simamisheni mirunda pamoja pale pale, namba zilingane. Jambo la pili ni jua: nusu ya mpira ikilala kwenye mchanga wa moto na nusu kwenye maji, maji ya upande wa moto yanapungua uzito na kupanda. La tatu, mrunda kuzama kwenye mchanga laini. Pigilia kibao cha inchi 4 kwa 4 kitakoni.

Ipo njia ya Emery ya 1961, fito mbili na upeo wa macho baharini. Ni nzuri, lakini ina kosa linalojikusanya: upeo wa macho uko chini kidogo ya usawa wa kweli. Kwa macho ya mtu aliyesimama ni milimita 1.5 hivi kwa kila hatua ya mita 2. Hatua 40, sentimita 6. Na mbele ya mikoko ya Kaole upeo wenyewe hamuuoni.

Hesabu: kati ya vipimo viwili, jumlisha vimo viwili (kila kimo kihesabiwe kutoka usawa mmoja usiobadilika), gawa kwa mbili, zidisha kwa umbali. Jumlisha vyote hadi mwisho wa mstari. Jumla ya mwezi huu toa ya mwezi uliopita, jibu ni mita za ujazo kwa kila mita ya pwani. Mstari uishie mahali palepale kila mara, la sivyo mnalinganisha vitu viwili tofauti.

Binti_Pangani

Fundi kasema vizuri ila kuna kitu kipimo cha mwezi hakikioni. Ufukwe unaweza kuchimbwa nusu mita usiku mmoja na kujazwa tena ndani ya wiki. Mwezi ukiisha mtaandika "hakuna mabadiliko". Kwa hilo tumieni fimbo na washa, kile kiduara cha chuma chenye tundu kinachowekwa chini ya nati. Nondo ya milimita 10, urefu mita 1.5, izamishwe mita 1. Ivishe washa yenye tundu la milimita 14, iache ilale juu ya mchanga. Mchanga ukichimbwa, washa inashuka nao hadi chini kabisa ya uchimbaji. Mchanga ukirudi, unaifunika. Mkija mnapima mara mbili kutoka ncha ya juu: hadi usoni pa mchanga, kisha mnafukua hadi kwenye washa. Kama uso uko sentimita 52 na washa iko sentimita 81, basi zimejazwa tena 29 juu ya kimo cha chini kilichofikiwa. Tundu likiwa dogo kutu inaishika washa njiani, mnapata namba ya uongo inayofanana na ya kweli.

Ila mkuu Mwambao, nondo ufukweni haikai. Wanunuzi wa chuma chakavu hawasomi utafiti. Tumieni bomba la plastiki la nusu inchi, ndani mmemimina saruji. Nalo lina kipenyo cha nje cha milimita 20 hivi, basi washa iwe ya tundu la 25. Ncha ivikwe chupa ya plastiki nyekundu, watu wanavuta juya pale na watoto wanakimbia.

La pili ni majira. Kusi inausukuma mchanga kwenda kaskazini, kaskazi inaurudisha kusini. Mkipima Mei na Septemba peke yake mtatangaza msiba. Desemba na Machi mtatangaza neema. Mwaka mmoja kamili ndio mwanzo wa kuongea, miaka mitatu ndio mazungumzo. Na kwa kuwa mdomo wa Ruvu uko kaskazini ya mji, mchanga unaotoka pale wakati wa kusi unazidi kwenda kaskazini. Mji unaweza kuutegemea wakati wa kaskazi tu. Kwa hiyo mstari mmoja muweke kaskazini ya mji, upande wa Ruvu, hata kama BMU yenu haifiki huko. Bila huo mtajua mchanga umeondoka, hamtajua umekwenda wapi.

Anayedhani huku kwetu hakuna cha kutisha aulize habari za Maziwe, mkabala wa Pangani. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kasa wakitaga. Miti iliisha, na leo maji yakijaa kisiwa kinafunikwa. Mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa bara, Ushongo. Hakuna barafu iliyoyeyuka pale. Ni kisiwa cha mchanga mtupu juu ya mwamba, na kisiwa cha namna hiyo mimea ikiondoka hakuna kinachoshika tuta. Na kinyume chake kipo kwenu: magofu ya Kaole yalikuwa bandari, leo kati yake na bahari kuna mikoko. Mstari wa kule msishangae ukionyesha kuongezeka.

Mwambao_Kaole

Hapo nimeelewa kwa nini mistari ya kwetu peke yake isingetosha. La mwisho: kuna wanaotaka tuanze na viroba vya mchanga mbele ya kingo wakati tunapima. Kule Alaska navyo vimetumika. Mnasemaje?

Chumvi_na_Barafu

Alaska vimetumika, na vimepasuka. Mchanga ukivuja kwenye kiroba kimoja, cha juu yake kinakaa vibaya, wimbi linakivuta, mlango umefunguka. Kule kuna tatizo la ziada ambalo ukuta wowote hauliwezi: ardhi nyuma ya ukuta inaendelea kuyeyuka na kuzama yenyewe. Shishmaref, kijiji kilicho juu ya kisiwa chembamba cha mchanga kwenye Bahari ya Chukchi, kimewekewa kuta za kila aina, na mwaka 2016 wakazi walipiga kura ya kuhama.

Kwenu ardhi haiyeyuki, kwa hiyo kinga inaweza kusimama ikijengwa sawasawa, na mara nyingi haijengwi sawasawa. Makosa ni yaleyale. Mawe yanapangwa juu ya mchanga bila kitambaa cha kuchujia, maji yakirudi yananyonya mchanga katikati ya mawe, ukuta unazama bila kupigwa. Mguu wa ukuta haushuki chini ya kina cha uchimbaji. Hicho kina ndicho zile washa za Binti Pangani zitakachowapa, na fundi yeyote atakayejenga bila namba hiyo anabahatisha. Halafu mwisho wa ukuta: mchanga uliokuwa unalisha jirani umefungiwa nyuma, jirani anaanza kuliwa mita chache kutoka pale ukuta unapoishia.

Viroba vya mbolea na saruji vilivyotumika jua linavila ndani ya miezi. Na kwa upande wa vipimo, kiroba kikiwekwa katikati ya mstari, mstari huo umekufa.

Fundi_Leveli

Nakubaliana. Kama lazima viwekwe, viwe angalau mita 100 kutoka mstari wowote, na tarehe iandikwe kwenye daftari. Halafu mkuu, daftari liwe la penseli. Wino ukiloa maji ya chumvi unaondoka wote.